Samaki arobaini kwenye nukta 4,032: shajara ya kidude cha mjomba

Jumamosi, 5 Julai

Mjomba kaja na sidii moja, kaifunga kwenye gazeti na kuizungushia mpira wa kufungia mafungu ya mchicha. Akaiweka mezani kwangu katikati ya simu zilizopasuliwa matumbo. "Humu wamo samaki wangu wote," akasema, kama anayekabidhi urithi.

Alikuwa bwana samaki tangu mimi sijazaliwa. Sasa kastaafu, ila hatulii: anawafundisha vijana wanaoandika takwimu diko la Kunduchi. Boti ikiteremsha, kijana anatakiwa aandike aina na uzito papo hapo, na papo hapo ndipo anapochanganya majina. Kitabu cha picha kimelowa na kushikana kurasa. Simujanja juani ni kioo cha kujitazamia tu; kijana anaikinga kwa kiganja, anakunja uso, mwisho anaandika alichosikia kwa jirani.

"Zile simu za zamani juani zilikuwa zinasomeka vizuri," mjomba akasema. "Ilikuwaje?"

Ilikuwa hivi: skrini zile hazishindani na jua, zinalitumia. Mwanga unaingia, unagonga nyuma, unarudi, na nukta nyeusi zinauzuia. Jua likizidi, na maandishi yanazidi kukolea. Nina sita za namna hiyo kwenye droo, aina ileile iliyokuwa kwenye Nokia 5110 ya mwaka 1998 na 3310 ya mwaka 2000: nukta 84 kwa 48, nyeusi au si nyeusi, hakuna kijivu. Nikamwambia aniachie sidii, nimtengenezee kidude cha kuwaonyesha samaki wake juani.

Jumapili, 6 Julai

Kabla ya kushika risasi na pasi ya kulehemu nilijaribu njia ya mkato: kuwatumia vijana picha kwa meseji kwenye vitochi vyao. Nokia za zamani zilipokea picha za nukta 72 kwa 28. Hizo ni baiti 252, ongeza nne za kichwa zinazotaja upana na urefu, unapata 256. Meseji moja hubeba baiti 140, lakini 12 zinaliwa na maelezo ya njia na namba ya kipande, zinabaki 128. Meseji mbili basi zinabeba 256 kamili. Hapo nikachekelea, hadi nilipokumbuka baiti chache za utambulisho zinazotangulia picha yenyewe. Kwa ajili ya hizo chache, kila samaki anadai meseji ya tatu.

Samaki arobaini, meseji 120, kwa kila kijana. Na katika simu tatu nilizojaribu, ni 3310 moja kuukuu tu iliyoifungua. Njia hiyo nimeifunga.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Mtaa wa Aggrey hapa Kariakoo umepungua watu, nusu ya mafundi wako viwanjani. Nimepata utulivu wa kuisoma sidii.

Kuna mafaili 43, yote ya PCX, 320 kwa 200, rangi 256. Wa umri wangu wachache wanaikumbuka PCX. Ni muundo wa faili za picha wa enzi za DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows. Ndani yake kila nukta haina rangi, ina namba tu. Rangi zenyewe zimeorodheshwa kwenye paleti, na paleti imewekwa mkiani mwa faili: baiti 768 (rangi 256 mara tatu), zikitanguliwa na baiti moja yenye thamani 12 kama hodi.

Sidii ina mikwaruzo. Mafaili manne yamekatika mikia, maana yake paleti haipo. Kilichonikera ni kwamba Pillow, maktaba ya picha ya lugha ya programu ya Python ninayotumia, haikulalamika hata kidogo. Haikuona ile hodi, ikaamua kuwa hii ni picha ya kijivu, ikachukua namba za rangi kana kwamba ni kiasi cha mwanga. Jodari akatoka na mawimbi mwilini kama ramani ya milima. Nilikaa nusu saa nikiilaumu skena ya mjomba.

Dawa: nimeazima paleti ya faili jirani na kuibandika. Watatu wamerudi katika rangi zao. Wa nne amekuwa na uso wa kijani na sitaki kujua zaidi, nimemtoa. Mjomba kwa simu kasema wengine wawili ni changu yuleyule kapigwa picha mara tatu, nao nimewatoa. Wamebaki arobaini, namba nzuri.

Jumatano, 9 Julai

Fupi leo, wateja wengi. Ukiwa na picha ya paleti, igeuze kwanza iwe RGB (kila nukta na nyekundu, kijani na bluu yake) ndiyo uipunguze ukubwa. Ukipunguza ikiwa bado ya paleti, Pillow huchagua nukta ya karibu na kuzitupa nyingine, na kwa kweli haina la kufanya: wastani wa rangi namba 10 na rangi namba 200 ni rangi namba 105, na hiyo inaweza kuwa zambarau. Ndiyo maana mapezi yalikuwa yanatoka yametafunwa.

Jumamosi, 12 Julai

Siku mbili zimekwenda na maji.

Samaki wote kwenye kompyuta walikuwa bapa. Mjomba alipopita akauliza, "Changu gani huyu, kakanyagwa na daladala?" Nikapiga hesabu. 320 gawanya kwa 200 ni 1.6, lakini luninga za kompyuta za zamani zilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3. Yaani kila nukta ilikuwa ndefu kwenda juu mara 1.2 ya upana wake. Nikazivuta picha zote hadi 320 kwa 240, changu akanyanyuka mgongo, mjomba akaridhika. Kisha nikazipunguza bila kuvunja uwiano hadi 64 kwa 48, nikaacha nafasi tupu kushoto na kulia.

Kwenye skrini ndogo changu akatoka kakondeana, mrefu kwenda juu, kama kafunga Ramadhani bila daku. Nikadhani nimekosea kugawanya. Nikagawanya tena. Nikabadilisha waya. Jioni ya pili ndipo nikachukua rula ya binti wa dada na kuipima skrini yenyewe: upana karibu milimita 30, urefu karibu 22. Weka nukta 84 kwenye 30 na 48 kwenye 22, utaona kuwa nukta za skrini hii nazo si mraba, nazo ni ndefu kwenda juu.

Sasa angalia: 30 kwa 22 ni 1.36. Luninga ya zamani, 4 kwa 3, ni 1.33. Ukichukua picha ya 320 kwa 200 jinsi ilivyo, bila kurekebisha chochote, ukaibana ijae 84 kwa 48, unapata samaki sahihi kwa tofauti ya kama asilimia mbili. Nimefuta mistari yote niliyoandika tangu Alhamisi na kuacha mmoja.

Jumapili, 13 Julai

Hadi jana nilichora nukta moja moja kwa majaribio; leo ni picha ya kwanza kupelekwa nzima kwa baiti. Ilichukua hatua tatu za aibu.

Kwanza ilitoka vipandevipande kama kanga iliyochanwa na kushonwa na kipofu. Chipu ya skrini hii, PCD8544, haipangi baiti kwa mlalo. Skrini imegawanywa safu sita, na kila baiti ni nukta nane zilizosimama wima, biti ndogo ikiwa juu. Nikapanga upya. Ikatoka nzima, ila samaki mweupe ndani ya usiku, kwa sababu Pillow inahesabu nyeupe kuwa ndiyo na skrini inahesabu nyeusi kuwa ndiyo. Nikageuza. Kisha umeme ukakatika.

Alhamisi, 17 Julai

Hapa ndipo penye kazi. Kugeuza rangi kuwa kijivu ni hesabu ya kawaida: 0.299 ya nyekundu, 0.587 ya kijani, 0.114 ya bluu, kwa sababu jicho linaiona kijani kuliko zote. Swali ni jinsi ya kutoka kwenye kijivu hadi nyeusi na nyeupe tupu.

Nilianza na kizingiti (kijivu kinakwenda kutoka 0, nyeusi, hadi 255, nyeupe): chini ya 128 nyeusi, juu nyeupe. Tumbo la changu likamezwa na mandhari, mgongo ukabaki peke yake ukielea. Nikaleta mbinu ya Otsu ya mwaka 1979, inayotafuta yenyewe kizingiti kinachotenganisha makundi mawili ya mwanga vizuri kuliko vyote. Kwa maandishi ni hodari. Kwa samaki, makundi mawili inayoyaona ni samaki na asiye samaki, kwa hiyo nikapata vivuli arobaini. Vivuli vizuri sana, vyote vinafanana.

Basi ikabidi kutawanya nukta. Floyd na Steinberg, mwaka 1976, walisema hivi: ukilazimisha nukta iwe nyeusi au nyeupe, umefanya kosa la kiasi fulani, lile kosa ligawie majirani ambao bado hawajafikiwa, 7/16 kulia, 3/16 chini kushoto, 5/16 chini, 1/16 chini kulia. Kwenye picha kubwa inapendeza, ukisogea mbali unaona kijivu ambacho hakipo. Lakini hapa hakuna pa kusogea. Nukta 4,032 ni chache, jicho linaziona moja moja, na samaki alionekana kapakwa pilipili manga tayari kwa kikaango.

Bill Atkinson wa Apple, aliyehangaika na skrini ya nyeusi na nyeupe ya Macintosh ya mwaka 1984, alikuwa na njia nyingine: anagawa 1/8 kwa majirani sita na robo iliyobaki anaitupa. Inasikika kama uzembe. Kumbe ile robo inayotupwa ndiyo inayosafisha, nyeupe inakuwa nyeupe kweli na nyeusi inakaza. Afadhali kubwa. Tatizo lake ni kuwa picha mbili za samaki wanaofanana zinatoka na madoa tofauti, na kijana ataanza kusoma madoa.

Nimeishia kwa Bayer, wa mwaka 1973, jedwali la vizingiti lisilobadilika, la nne kwa nne. Mwili unatoka na ususi kama mkeka, wa kimashine kidogo, lakini unatulia, na mstari mweusi ukipita juu yake unaonekana. Uamuzi: mandhari yote nyeupe, mwili Bayer, mistari juu. Mwenzangu wa meza ya pili anasema Atkinson ni mzuri zaidi. Ni kweli ni mzuri zaidi. Hatutafuti uzuri.

(Kitu kingine ambacho kilinichelewesha: kijivu cha 128 si nusu ya mwanga, ni kama asilimia 22. Nusu ya mwanga iko kwenye 188. Usiporekebisha hilo, samaki wote wanafifia.)

Jumamosi, 19 Julai

Pono.

Anayemjua pono anajua kuwa kusema "pono" ni kusema rangi: kijani cha bahari kimechanganyika na bluu, kingo za mapezi na magamba zikiwa za waridi. Nikampitisha kwenye hesabu ya kijivu akatoka tofali. Hakuna gamba, hakuna mdomo, hakuna pezi. Nikadhani faili limeharibika, nikalifungua kwa rangi, pono huyo hapo anang'aa.

Nikachukua nukta mbili jirani. Ya waridi ilikuwa na nyekundu 200, kijani 100, bluu 120. Ya mwilini ilikuwa na nyekundu 40, kijani 180, bluu 130. Fanya hesabu kwa mkono: ya kwanza inatoa 132. Ya pili inatoa 132. Rangi mbili ambazo mtoto hawezi kuzichanganya, na hesabu yangu inaapa kuwa ni kitu kimoja.

Kwa hiyo kwa pono nimeitupa ile hesabu na kuchukua nyekundu peke yake: 200 dhidi ya 40. Magamba yakajitokeza yote, kila moja na ukingo wake, na ule mdomo wa kasuku. Nikaanza kumpitia kila samaki mara tatu, kwa nyekundu, kwa kijani, kwa bluu, na kuchagua kwa jicho. Kumi na moja wamehama kutoka kwenye kijivu cha kawaida. Nilikuwa nataka programu ifanye yote yenyewe usiku mmoja. Sasa nina faili lenye mistari arobaini, kila mstari una jina la samaki na jinsi anavyotaka kushughulikiwa, kama daftari la mama mkwe.

Jumanne, 22 Julai

Kumbukumbu. Kila picha ni baiti 504. Chipu inayoendesha kidude, ATmega328P, ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya baiti 2,048, na mimi kwa haraka nikaziacha picha zipakiwe humo. Picha nne ni 2,016. Zikabaki baiti 32 za kuendeshea dunia nzima, kidude kikawa kinajizima na kujiwasha kama taa ya disko. Nimezihamishia zote kwenye kumbukumbu ya programu: arobaini ni baiti 20,160, na nafasi iliyopo ni zaidi ya 30,000. Zimeenea, pamoja na herufi za majina.

Jina halionyeshwi mwanzoni. Samaki anatokea, kijana anabonyeza, jina linakuja safu ya chini, herufi zisizozidi 14.

Jumapili, 27 Julai

Mjomba alikuja baada ya chakula cha mchana, na daftari la hesabu la miraba na penseli mbili. Tulikaa hadi magharibi.

Tatizo lilikuwa mkundaji. Mkundaji ana ndevu mbili chini ya kidevu, ndizo anazopekulia mchanga, na ndizo zinazomtambulisha. Kwenye picha yangu hakuwa nazo. Nilimweleza: samaki wa sentimita 28 amelala kwenye nukta 70, kwa hiyo nukta moja ni milimita nne. Unywele wa milimita moja au mbili, ukipunguza picha, unachanganywa na weupe wa jirani hadi unayeyuka. Si kosa la programu.

"Mkundaji bila ndevu ni samaki yeyote," akasema. Akachora miraba, akahesabu, akaziweka ndevu nene za nukta mbili, ndefu kupita kiasi, zimejikunja mbele.

"Mjomba, hazina unene huo."

"Kwani wewe unampima au unamtambua?"

Nikaziingiza. Ni uongo mtupu na ukimwangalia tu unajua ni mkundaji.

Baada ya hapo hakushikika. Nguru alikuwa na michirizi ya wima ubavuni ambayo Bayer ilikuwa imeifuma ndani ya mkeka; mjomba akafuta mkeka wote, akaacha ubavu mweupe na michirizi tisa. Nikamwambia nguru ana zaidi ya tisa. Akaniambia niiongeze kama naweza. Sikuweza. Chewa alikuwa mbaya kuliko wote, maana chewa ana madoadoa na mimi nilikuwa nimemtawanyia nukta: madoa yake na madoa yangu hayakujulikana yapi ni yapi. Kwake tumeondoa utawanyaji kabisa. Doa lolote analobaki nalo ni lake. Yule changu mwenye doa jeusi ubavuni tumempa doa moja la nukta sita kwa nne, halina mpinzani.

Kumi na saba wamepita kwenye daftari. Penseli ya pili imeisha.

Jumamosi, 2 Agosti

Kunduchi, saa nne asubuhi, kusi linavuma na boti ni chache. Tumekwenda na vidude viwili kwenye vikasha vya sabuni, kila kimoja kina betri ya BL-5C niliyotoa kwenye kitochi kilichokufa. Skrini yenyewe haili hata miliampia moja.

Dakika kumi juani na skrini zote mbili zikawa nyeusi tii. Kijana mmoja akasema, kwa heshima, "Fundi, samaki wamelala." Nilikuwa nimesahau joto: skrini za kioevu zikipata moto zinahitaji volti ndogo, na ile niliyoipanga kivulini Kariakoo ikawa kubwa mno. Namba ya ukolezaji inakwenda kutoka 0 hadi 127. Mezani nilikuwa nimeiweka 60. Nikaiteremsha kwa kubahatisha, nikiwa nimekaa juu ya ndoo na kompyuta mpakato chini ya kanga ya mama mmoja muuza samaki, hadi 52, na samaki wakaamka. Nitaongeza njia ya kuirekebisha kwa kushika vitufe viwili pamoja. Chipu ina mpangilio wake wa kufuata joto pia, nimeujaribu, unasaidia kidogo.

Ila juani, baada ya hapo, inasomeka kama gazeti. Mjomba alitembea nacho ukingoni mwa maji akikionyesha hata kwa wasiouliza.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Tumerudi Kunduchi. Ukolezaji sasa unarekebishwa, na vijana watano wamekizungusha kidude wao kwa wao kwa saa nzima. Pono wamempata wote. Mkundaji wamempata wote, mmoja kabla hata hajakishika vizuri. Sehewa na jodari bado wanawachanganya, na hapo sina la kusema, hata mimi wananichanganya wakiwa mezani kwa rangi zao zote.

Yule mama aliyenikinga kwa kanga wiki iliyopita aliomba naye ajaribu. Hakuhitaji majina. Alibonyeza, akataja, akabonyeza, akataja, mikono ina magamba na kitufe sasa kinateleza. Alipofika kwa kolekole akasimama.

"Huyu mmemkata mkia."

Nikachungulia. Kolekole shina la mkia wake ni jembamba sana kabla ya ile panda, na kwenye punguzo langu shina lote limekuwa nukta moja ya kijivu, na Bayer ikaamua ni nyeupe. Mwili uko upande huu, panda ya mkia iko upande ule, katikati hakuna kitu. Mjomba alikuwa amempitisha. Mimi nilikuwa nimempitisha mara tatu, kwa nyekundu, kwa kijani na kwa bluu.

Mjomba akakichukua kidude, akakisogeza karibu na jicho, akakisogeza mbali. "Leta daftari," akasema. Daftari liko Kariakoo. Akaokota kijiti akachora mchangani miraba saba, akajaza mitatu ya katikati, akamwuliza mama kama inatosha. Mama akasema nne. Nimeipiga picha kwa simu kabla maji hayajafika.